Tangazo la Marehemu Aliye Hai

Jumatatu, 4 Machi

Kifungua mimba wangu,

Hujambo? Kazi zinaendaje huko? Sisi huku hatujambo, mama yako na mimi, ila mimi nimekufa.

Sitanii. Asubuhi hii jirani kabisha hodi huku analia, nikamfungulia mwenyewe, akaanguka kizingitini. Tulipommwagia maji akanionyesha simu yake. Ni tovuti ya redio, hiyo unayoitengeneza wewe, ukurasa wa matangazo ya vifo. Majina yangu yote matatu, picha yangu ya suti niliyoishona kwa mkono wangu, na maneno: “Fundi cherehani mstaafu. Ameacha mjane na watoto xxxx.”

Mama yako anauliza hao watoto xxxx nimewazaa wapi. Nani ananitakia haya, mwanangu? Nifutie upesi.

Baba yako, mzima

*

Jumanne, 5 Machi

Shikamoo Baba,

Mama hajambo? Naomba usome ukiwa umekaa. Aliyekuua ni mimi.

Nina nakala mbili za tovuti hiyo. Moja ya majaribio, iko kwenye kompyuta yangu tu. Nyingine ndiyo watu wanayoiona. Kila badiliko nalianza kwenye ya majaribio, likikaa vizuri ndipo nalihamisha, kama wewe ulivyokuwa ukikata karatasi kabla ya kugusa kitambaa cha mtu. Nilikuwa naupanga upya ukurasa wa vifo, nikahitaji tangazo la kujaribia, lenye jina refu na picha ya mtu mzima. Picha yako ndiyo iliyokuwa karibu, na hizo xxxx ni idadi niliyoiacha wazi. Jana nilitakiwa nihamishe sura mpya ya ukurasa peke yake, nikahamisha na matangazo yaliyomo. Kisha nikapanda basi la safari ndefu, njiani hakuna mtandao, na barua pepe yako nimeisoma jioni hii. Nimelia mpaka konda akaniuliza kama nimefiwa.

Nimeshalifuta. Nisamehe, Baba. Nimeshtuka kuliko wewe.

Binti yako

*

Alhamisi, 7 Machi

Mwanangu,

Salamu nyingi. U mzima? Acha kulia, nimekusamehe. Tena kufa kuna raha yake. Seremala aliyeapa hatakanyaga kwangu amekuja akilia kamasi, na aliponikuta nakunywa chai akakasirika upya. Mama yako anasema sasa namjua nani wangu.

Mmoja tu amenikata maini: Kinyozi. Unajua tulivyokuwa. Tulikaa baraza moja miaka yote ya kazi, yeye na mkasi wa nywele, mimi na mkasi wa nguo. Hata baada ya kuhamia kwa mwanawe upande wa pili wa mji, hakuna shughuli yangu aliyoikosa wala yake niliyoikosa. Leo mji mzima umenililia, yeye kimya. Nikimpigia, simu imezimwa. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, sasa ipo dhiki kuliko kufa? Kesho asubuhi namfuata hukohuko anieleze.

Baba yako, marehemu mstaafu

*

Ijumaa, 8 Machi

Shikamoo Baba,

Nimekupigia, akapokea mama. Anasema umeshatoka na simu umeisahau kitandani. Basi utaisoma hii ukirudi.

Leo mkuu wa redio kaniita. Watu wanalalamika kuwa matangazo yao ya vifo yametoweka. Baba, nakala yangu ya majaribio ilikuwa ya zamani. Nilipoihamisha nzima ilifuta kila kilichoingia kwenye tovuti tangu siku nilipoinakili. Nilikuondoa wewe nikadhani nimemaliza, sikuwaza kuangalia nani kapotea. Nimeyarudisha kutoka kwenye nakala ya akiba, na picha ya kwanza kutokea ni ya mtu aliyekuwa akininyoa nikiwa mtoto.

Kinyozi alifariki Jumapili. Walimzika Jumanne.

Siamini, Baba. Mungu wangu, nimefanya nini?

Binti yako

*

Jumamosi, 9 Machi

Mwanangu,

Salamu. Mama yako hajambo. Mimi sijui.

Nilianza kupaza sauti tangu langoni: “Wewe Kinyozi, mnafiki mkubwa! Nimekufa hata pole hukutoa!” Akina mama waliokuwa uani wakapiga mayowe, wengine wakakimbilia ndani. Nikacheka. Nilicheka, mwanangu, katikati ya msiba wa Kinyozi, nikidhani kioja ni mimi. Kisha mkewe akatoka, na nilipomwona uso wake nikavua kofia.

Nilimuuliza mbona hamkuniita. Akasema mimi ndiye niliyetakiwa kuwa wa kwanza kupigiwa simu Jumatatu asubuhi. Mwanawe alifungua tovuti kwanza ahakikishe tangazo la baba yake limekaa sawa, asilione, akanikuta mimi. Wakatulilia wote wawili.

Sikulaumu. Lakini usiniandikie tena, njoo, twende kwa mkewe pamoja. Kuna neno alilonipa ambalo siwezi kulibeba peke yangu.

Alisema, “Shemeji, wapo waliobisha, wakasema ni makosa, wewe u hai. Lakini siku ya kuzika tulipokuangalia hukuja, ndipo tukaamini.”

Baba yako