Namwaga Dawa Kwenye Shamba Analoliponya Mume Wangu

Mpendwa Shangazi wa gazeti, nishike mkono, maji yamenifika shingoni. Mimi na mume wangu tunalima stroberi, na kwa miaka mingi tulifukizia udongo dawa chini ya plastiki mpaka ukabaki vumbi tu, hauna mdudu wala harufu, kisha shemeji yangu aliyekuwa akituchanganyia dawa akaugua mapafu akafa, na mume wangu akaapa hatatia tena hata tone, akaanza samadi na nyasi kavu, na nyungunyungu anawachimba bondeni anawaleta kwa ndoo, anawabembeleza kama vifaranga, nami nikamuunga mkono kwa mdomo, lakini Shangazi mavuno yalikuwa aibu, mizizi imejaa vinundu, matunda hayauziki, na nyumbani watu wanataka kula, basi yeye akienda bondeni mimi namwagia mizizi dawa ya maji iliyobaki stoo, na stroberi zimerudi, nono, nyekundu, naye anaamini ni samadi.

Ila kila akichimba anakuta nyungunyungu wake wamekufa. Juzi alikaa chini kwenye tuta akaniambia, “Mke wangu, ardhi hii bado haijanisamehe.” Nikaendelea kuchuma. Na sasa binti yetu amekuja kujifungulia nyumbani, anachuma na kula palepale, nikamwambia aoshe, baba yake akacheka: “Aoshe nini? Shamba letu halina sumu.” Nikacheka nao. Nikisema, ndoa imekwisha. Nifanyeje?

Mke wa Mkulima

JIBU

Mwenzangu, pole. Njaa haina adabu, hilo nalijua. Lakini pole yangu inaishia hapo, maana umeandika weee, binti mjamzito ukamweka mwisho, halafu unaniuliza habari za ndoa. Tena ulicheka nao!

Anza na binti. Habari ya kuosha iache, dawa nyingine za mizizini hupanda mpaka ndani ya tunda, maji hayazitoi. Mwambie ukweli mbele ya baba yake, kisha nendeni kliniki na chupa yenyewe, wasome ni dawa gani. Matunda yaliyopo usiuze, wateja nao wana watoto. Iliyobaki stoo mpelekee bwana shamba, usiimwage mtaroni.

Mumeo atawaka, na ana haki. Usimkatize, na habari ya njaa usiitaje siku hiyo. Mwambie ardhi haikumkataa, ni wewe. Baada ya hapo mtaanza upya, samadi iliyooza, nyasi, maharage katikati ya matuta, na msimu mmoja au miwili mtakula kwa vibarua. Hakuna njia ya mkato, uliyoijaribu umeiona.

Barua yako ilinifikia Jumatatu, gazeti linatoka Jumamosi, na hukuandika namba ya simu. Kama ulikuwa unanisubiri mimi ndipo umwambie mwanao, basi siku zote hizo amekula.