Siku kijikompyuta cha Mama mkubwa kilipokubali kuongea na kompyuta yangu

Jumapili jioni, Mbinga. Ukungu haukuondoka mpaka saa sita mchana, na sasa umerudi tena. Nimevaa sweta mbili. Majirani wanaanua kahawa uani. Vidole vyangu vimekufa ganzi lakini moyo umejaa, kwa hiyo naandika kabla sijainjika chungu.

Nianze na kosa langu, maana bila hilo shukrani zangu hazitaeleweka.

Mama mkubwa, dada yake mama yangu, alikuwa mkunga kwenye zahanati moja upande wa Lituhi, ziwani, kwa miaka mingi. Daktari mgeni aliyefanya kazi pale kwa muda alimwachia kijikompyuta cha mkononi: kidude cha kijivu kinachoenea kiganjani, chenye kalamu ya plastiki ya kuandikia juu ya kioo, kilichotengenezwa kwa ajili ya kutunza ratiba, namba za simu na maandishi mafupi. Wakati huo simu za kupapasa zilikuwa hazijatufikia. Wenzake walikiona mchezo. Yeye alikitumia kumwandika kila mtoto aliyempokea, mbali na daftari la zahanati. Mtoto mmoja, ukurasa mmoja.

Kidude hicho kina udhaifu mmoja mkubwa. Kumbukumbu zake zinaishi kwa betri. Betri zikifa kabisa, kila kitu kinafutika. Daktari alimwambia kwamba wakati wa kubadilisha ana kama dakika moja tu. Basi Mama mkubwa amezibadilisha betri zile kwa zaidi ya miaka ishirini, huku akisali Salamu Maria. Anasema hajawahi kufika "Amina" kabla betri mpya hazijaingia.

Baada ya Pasaka vidole vyake vilianza kushindwa na kile kifuniko. Akaniletea mimi, pamoja na pakiti ya betri. "Kila wiki ya tatu, mwanangu. Usiniangushe." Nikaitikia. Nikabadilisha mara moja tu. Kisha mitihani ikaja, nikakitia kwenye droo chini ya karatasi za wanafunzi, nikakisahau.

Mimi ni mwalimu wa kompyuta. Sina cha kujitetea.

Ijumaa, nimetoka tu shuleni, nikamkuta Mama mkubwa amekaa barazani kwangu na dada mmoja nisiyemfahamu, huyo dada ana mfuko wa usipa wakavu, dagaa wa ziwani, mapajani. Nitamwita Levina. Si jina lake, ila ameniruhusu kuandika mengine yote.

"Shikamoo, mwalimu," akasema. Ana miaka ishirini na mmoja, au ishirini na miwili, na hapo ndipo penye shida yake. Amelelewa na bibi yake Lituhi, akianika usipa na kusoma, na sasa amepata nafasi chuo cha uuguzi. Wanataka cheti cha kuzaliwa kabla ya Ijumaa ijayo. Cheti chake cha ubatizo kina mwaka mmoja, cheti cha shule kina mwingine, na tarehe zote mbili zilikisiwa, kwa sababu mama yake alivuka ziwa akamwacha bado ananyonya, na bibi hakumbuki zaidi ya kwamba ilikuwa masika. Daftari la zahanati liliozea mvuani mwaka paa lilipoezuliwa. Ofisini wanakotoa vyeti wamemwambia alete barua ya mkunga, yenye tarehe ambayo mkunga mwenyewe anaweza kuithibitisha.

"Mimi tarehe siikumbuki," Mama mkubwa akasema, "lakini niliiandika. Mwalimu anayo ndani."

Niliingia chumbani nikafungua ile droo kama mtu anayefungua jeneza. Nikabonyeza. Giza. Nikabonyeza tena. Nikatoa betri, nikaweka mpya, na mimi nikasali Salamu Maria ile ile ingawa nilijua nimechelewa. Kioo kikawaka, lakini kilikuwa kimejaa mistari myeusi kutoka juu hadi chini. Hakuna herufi hata moja iliyosomeka. Sikuweza kujua kama kumbukumbu zipo au zimekwenda.

Nilirudi barazani nikasema ukweli wote, mbele ya mgeni.

Levina aliangalia mfuko wake wa usipa. Mama mkubwa akauliza, "Zilikuwa zimekufa kabisa?"

"Sijui, mama. Hakikuwaka."

"Kutowaka si kufa. Nimeona watoto wengi wasiolia." Akasimama. "Kesho tutakuja asubuhi. Wewe ndiye mwenye kompyuta."

Kompyuta yangu ni ile ya mezani iliyotolewa shuleni kwa uzee. Niliiwekea mfumo huria, Linux, kwa kuwa mifumo mingine ilikuwa mizito mno kwake. Walimu wenzangu wananitania kwamba natumia kompyuta ya maskini. Sawa. Lakini jana nilihitaji programu ya kusawazisha kidude ambacho dunia nzima imekitupa, yaani ya kuvuta kilichomo ndani yake na kukileta kwenye kompyuta, na ndiko nilikoikuta. Waandishi wake waliacha kuishughulikia zamani, lakini hawakuifungia. Waliiacha palepale, pamoja na maelezo, mwenye shida aichukue.

Kikalio cha kidude, kile kinapokaa kikiunganishwa na kompyuta, Mama mkubwa alikuwa nacho bado kwenye boksi lake, na waya wake wenye kichwa kipana cha pini tisa. Kompyuta yangu haina tundu la namna hiyo. Nilimpigia fundi mmoja karibu na stendi, akasema ana adapta iliyokaa kwenye kopo tangu sijui lini. Nikaifuata kwa miguu.

Kabla sijachomeka chochote Mama mkubwa akauliza kama kompyuta imeunganishwa na intaneti. Nikasema ndiyo. "Ikate. Hao humo ndani walikuja kwangu wakiwa uchi. Hawakuja kwa dunia." Nikachomoa modemu.

Jaribio la kwanza: kompyuta ikaniambia sina ruhusa. Mashine yangu mwenyewe! Ilibidi nijiandikishe kwenye kundi la wanaoruhusiwa kutumia tundu lile, nitoke, niingie upya. Jaribio la pili: vikasalimiana, vikaanza, vikakatika. La tatu hivyo hivyo. Levina alikuwa hakai. Anasimama, anakwenda dirishani, anarudi. Mimi jasho linanitoka na baridi ile. Kwenye maelezo ya wale waandishi kulikuwa na mistari miwili niliyoiruka kwa haraka zangu: kama muunganiko unakatika, punguza mwendo, na bonyeza kwanza kitufe cha kwenye kikalio, kisha ndipo utoe amri.

Nikapunguza mwendo mpaka ule wa chini kabisa. Nikamwambia Mama mkubwa abonyeze yeye.

Akaweka kidole. Kidude kikalia mlio mwembamba. Nikagonga amri.

Mstari mmoja ukatokea kwenye kioo cha kompyuta. Halafu wa pili. Halafu ikawa inashuka taratibu, namba moja, namba mbili, namba tatu, na mimi nimeshika ukingo wa meza. Ilipofika hamsini Mama mkubwa akaanza kulia bila sauti. Ilichukua muda kama wa kuivisha ugali. Kurasa mia sita na kitu.

Zote zilikuwepo.

Nilitafuta kwa jina la mama yake Levina, kwa kuwa siku ile mtoto hakuwa na jina. Skolastika. Alikuwa mmoja tu. Nilisoma kwa sauti, kama Mama mkubwa alivyoandika, na tarehe juu yake:

"Skolastika. Uzazi wa kwanza. Mtoto wa kike, kilo mbili na nusu. Hakulia, nimempulizia, akalia. Mvua kubwa. Mama amegoma kumpa mtu yeyote mtoto. Hata kumpima ilikuwa vita."

Levina akasema, "Soma tena, mwalimu."

Nikasoma tena.

"Vita?" akamuuliza Mama mkubwa. "Kweli alikataa?"

"Sasa nimemkumbuka," Mama mkubwa akasema. Alikuwa anafuta macho na ncha ya kanga. "Alinishika mkono huu, hapa. Kasichana kembamba, lakini nguvu! Nikamwambia, binti, simwibi, namweka tu kwenye mizani. Akasema, basi tumpime sote wawili."

Levina alicheka. Kisha akakaa chini sakafuni, mgongo ukutani, akajifunika uso kwa mikono. Maisha yake yote, alituambia baadaye, alijua jambo moja tu kuhusu mama yake: kwamba alimwacha.

Ana miaka ishirini na miwili. Mama mkubwa aliandika barua ya ofisi kwa mkono wake, akasaini, akaweka na namba yake ya zamani ya kazi. Nikachapa ule ukurasa. Levina akaomba nichape mara mbili. "Hii ya ofisini," akasema, "na hii yangu."

Leo asubuhi, baada ya Misa ya kwanza, nilimsindikiza kupanda gari la Lituhi. Mama mkubwa yeye amebaki kwangu. Ameshinda mezani na miwani yake, nikimfungulia ukurasa mmoja mmoja, anaongea nao kama watu waliopita njiani. Kuna mahali aliponiambia, "Ruka huyu," nikaruka. Hakuniambia kwa nini na mimi sikuuliza. Tumekubaliana hakuna atakayesomewa ukurasa isipokuwa aje mwenyewe kuuliza habari zake. Nakala mbili tumeshazitengeneza. Moja ataitunza yeye.

Kwa wale walioandika ile programu: nimetuma barua pepe ya asante kwenye anwani waliyoacha, ikarudi, anwani haipo tena. Basi asante naiweka hapa. Sijui mko wapi wala kama mngali hai. Hamkuijua Lituhi. Mlikaa mkaandika hata ile mistari miwili kwa ajili ya mtu mwenye haraka kama mimi.

Na Mama mkubwa hajanikumbusha ile droo hata mara moja. Nafikiri hilo ndilo linalonifanya niikumbuke zaidi.

Nilikuwa nimalizie hapo, lakini simu imeita sasa hivi.

"Mwalimu, nimefika salama," Levina akasema. Upepo wa ziwani ulikuwa unaingia kwenye simu. "Nimemsomea bibi ule ukurasa."

"Amesemaje?"

"Amekwenda kulisha kuku, akarudi, akaomba nimsomee tena." Akaendelea: "Halafu akanitajia kijiji alikokwenda mama. Kule ng'ambo. Miaka yote hii nilikuwa namuuliza, anasema hakijui."

Nikamuuliza atafanya nini. Akasema kesho anakwenda ofisini kushughulikia cheti, chuo kwanza. Kijiji amekiandika nyuma ya ile karatasi yake.