Chipsi za Mama Mkwe Zinanivunjia Uchumba

Mpendwa mshauri, shikamoo. Naomba msaada wako, na kama barua hii imekukuta mezani naomba uiweke kando kwanza, umalize kula.

Mimi ni fundi seremala hapa Nangara, Babati, nimemchumbia Paskalina, binti wa kutoka Bonga, na mama yake ana banda la chipsi kando ya barabara ya Dodoma, mama mwenye heshima zake, na siku nilipoenda kujitambulisha alinikaangia chipsi na mapaja ya kuku, mimi kwa kutaka kupendwa nikala mpaka ngozi, nikasema tangu nizaliwe sijala chakula kitamu hivi, nikaongeza kwamba ugali huwa unanishinda, jambo ambalo si kweli, nimekulia ugali na mlenda. Basi tangu hapo kila Jumapili tukitoka kanisani tunakula kwao, wenzangu wanakula makande, mimi naletewa sahani yangu peke yangu, chipsi mayai, kuku na soda, mafuta yanatiririka mpaka kwenye kiwiko, na mama mkwe anakaa pembeni akinitazama, nikimaliza ananiongezea.

Mshauri, tumbo linakataa. Linajaa, kiungulia kinapanda mpaka kooni, kisha linaanza kunguruma mbele ya baba mkwe, Mzee Apolinary, ambaye si msemaji, kwa hiyo linasikika vizuri, na hapo inanibidi nitoke. Choo chao kiko nyuma ya migomba na ndani ni giza hata mchana, natoka na simu ili nimulike, na kwa kuwa siwezi kutaja choo mbele ya wakwe nasema kuna mteja anapiga. Nakaa huko muda mrefu, narudi na jasho, kidogo tu mteja anapiga tena.

Jumapili iliyopita Mzee alimwita mshenga wangu, Anselmi, akamwambia mambo ya mahari yasimame kwanza, maana kijana ana mwanamke mwingine na hana hata aibu ya kuzungumza naye hapa nyumbani. Paskalina alinisindikiza mpaka barabarani analia, akaniuliza, "Herieli, ni nani huyo?" Nikamuaga, nikaondoka. Nampenda sana, mshauri, nikimkosa sijui nitaanzia wapi, lakini nikisema ukweli nitakuwa nimemtukana mama yake pamoja na biashara yake. Je, hakuna dawa ya kumeza kabla, ili nile bila tumbo kujua?

Herieli, Nangara


Herieli, marahaba. Kwa tumbo nakupa pole. Kwa hayo mengine sikupi.

Dawa ya kulidanganya tumbo haipo. Vyakula vya mafuta mengi huchelewa kutoka tumboni, ndiyo maana unajaa. Vikikaa sana, asidi inapanda kooni, na hiyo soda unayoshushia inakuongezea gesi. Mwili una nyongo ya kuyasaga mafuta, lakini si karai zima kwa mkupuo mmoja. Yanayobaki bila kusagwa yanateremka kwenye utumbo mpana, yanavuta maji, na hapo unakimbilia migombani. Mama wa watu usimsingizie. Wateja wake wanakula sahani moja wanakwenda zao, wewe unashindilia mbili na kusifia juu yake. Angejuaje?

Sasa tazama ulichochagua. Umeona afadhali uitwe mhuni kuliko kusema unaharisha. Binti wa watu analia barabarani, wewe unalinda heshima ya chipsi. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na wewe hata kuoa bado.

Usingoje Jumapili. Nenda leo kwa Paskalina ukamwambie yote kwa mdomo wako, na la choo usiliruke. Akicheka, shukuru Mungu. Kwa wakwe usiende mwenyewe, si adabu kumweleza mama mkwe habari za tumbo lako. Mtume Anselmi, mshenga hakuwekwa kwa ajili ya posa tu. Aseme kijana wake hapatani na mafuta mengi, alikula kwa heshima, na anaomba makande kama wenzake. Neno baya juu ya chipsi lisimtoke. Siku ukikaribishwa chipsi, chukua kidogo, weka kachumbari, kunywa maji, na ukifika nyumbani usijitupe kitandani papo hapo. Ila ukipata maumivu makali chini ya mbavu upande wa kulia, macho yakawa ya njano, ukaona damu chooni, au ukaendelea kuharisha hata kwa ugali wako, nenda hospitali, na huko hatumwi mshenga.

Mama mkwe anaweza kununa. Mwache anune, mama hununa, kesho akapika tena. Lakini binti akishalala siku nyingi akiamini amesalitiwa, hata ukimletea ukweli baadaye, atausikiliza kama mtu anayesikiliza habari za jirani.