Dakika Kumi na Moja Bila Taa Nyekundu

Jumatatu, 2 Juni 2025

Kamera zimekuja mbili. Moja ya Donatus, askari mwenzangu, moja yangu. Ya Donatus haikufika saa nane mchana — imetumbukia kwenye ndoo ya maji ya kunywa, anasema. Imetumbukia! Ilikuwa imebanwa kifuani kwake kwa klipu mbili.

Kwa hiyo imebaki moja, na ndiyo yangu. Afande Marwa, mkuu wa kituo, katusomea karatasi ya maelekezo. Ni majaribio ya miezi sita. Askari ajirekodi akiwa kazini. Raia akikanyaga kizingiti, taa nyekundu iwake. Akitoka, izimwe. Kila Ijumaa kadi inakwenda wilayani. Kisha akaniangalia kwa huruma, akasema mimi bado kijana, nitazoea.

Donatus anasema ni umbea wa serikali. Mimi nimefurahi. Mwaka jana mama mmoja alidai nimemwomba hela ya soda, na sikuwa na shahidi hata mmoja. Sasa ninaye, kabanwa hapa kifuani.

Jumatano, 4 Juni

Sikujua kwamba nilikuwa nakula na watu. Nimejua leo, baada ya kuondoka kwao. Mama Paskalia anapika nje ya uzio wa kituo, wali na maharage, na benchi lake siku zote limejaa. Nimekaa tu, vijana wawili wa bodaboda wakainuka na sahani zao. Nikamwambia, mama, imezimwa, ona, taa haiwaki.

"Naona, mwanangu. Ila jicho si bado lipo?"

Akanifungia chakula kwenye kontena la plastiki nikalie ndani. Hakuwa na ubaya, alinizidishia hata maharage. Donatus naye siku hizi anapigia simu zake nyuma ya choo. Afande Marwa ananiandikia meseji, na yuko chumba cha pili!

Jumapili, 8 Juni

Nimepiga simu Katoro. Mama hajambo, ila vumbi la machimbo linamkohoza. Akampa simu Aneth. "Dada, shikamoo. Dada, jino langu limetoka!"

Dada. Nimezoea. Sijazoea.

Naandika hapa kwa kuwa sina pengine pa kulisema: Aneth ni mwanangu. Nilimzaa nikiwa na miaka kumi na saba. Baba yake akahamia machimbo ya mbali, hakurudi. Fomu ya kuomba kazi ilikuwa na swali kama nina mtoto, nikaandika hapana. Cheti cha kuzaliwa cha Aneth kina jina la mama yangu. Ikijulikana nimedanganya, kazi sina, na kazi hii ndiyo inayomlisha.

Nimesahau kumuuliza ni jino la juu au la chini.

Alhamisi, 12 Juni

Siku ya mnada. Watu wengi barabarani, kituoni hakuna mtu. Donatus kaenda mnadani, Afande Marwa kaenda kikao.

Saa nne kaingia mama mmoja, kitenge kipya, miguu imejaa vumbi. Akapiga goti kidogo na kunisalimu kwa Kisukuma. "Mwangaluka." Anaitwa Limi, mke wa Nkwabi, kijiji cha upande wa Samuye. Amepoteza simu. Nikaandika jina lake kwenye rejista. Simu ya aina gani? Hajui. Namba? Hajui. Ilipotelea wapi? Alikuwa anaangalia kifua changu, ile taa.

"Hiyo inasikia?"

Inasikia, mayu, nikamjibu; kwao mayu ni mama.

"Na anayeisikiliza ni nani?"

Nikamwambia ukweli. Wakubwa wilayani. Na mtu akilalamika, naye ana haki ya kuonyeshwa. Akainuka papo hapo. Basi, anasema, simu ameshakumbuka ilipo. Akajifunga kitenge upya, na kilikuwa hakijalegea. Nilimtazama akiufuata mlango, nikajua kabisa kwamba akitoka harudi.

Nikazima. Saa nne na dakika kumi na mbili.

Akasimama mlangoni. Akaniangalia usoni kwa mara ya kwanza. "Wewe una mtoto?"

Swali lilelile la fomu! Nikasema ninaye. Sijui imekuwaje. Miaka mitatu ya kazi sijamwambia mtu, halafu namwambia mwanamke ambaye sijamjua hata robo saa. Nikamweleza yote, Katoro, cheti, lile neno dada. Akauliza mtoto anaitwa nani. Aneth.

"Basi wewe ni Mama Aneth," akasema, akarudi kukaa.

Binti yake ni Vumilia, yuko kidato cha pili. Anaozwa Jumamosi hii, wakati wa likizo, shule isijue. Ng'ombe wa mahari wanatoka Kishapu alfajiri. Bwana mwenyewe ana wake wawili tayari. Limi alipinga mara moja, na jinsi mumewe alivyomjibu hakurudia tena. Anataka tuzuie. Ila isijulikane hata siku moja kwamba neno limetoka kwake. Kijijini kwao sungusungu, walinzi wa jadi, wanamtenga mtu anayepeleka mambo ya ukoo polisi. Hasalimiwi. Hapewi moto wala maji. Akifiwa, hakuna anayekuja kuchimba kaburi. Kuna mzee alimzika mke wake peke yake, kutwa nzima na jembe, watu wanapita njiani wanatazama pembeni.

Nikamwapia. Kwa Mungu na kwa Aneth.

Nikawasha saa nne na dakika ishirini na tatu. Tukaigiza: haya mama, usipoiona simu hapo ulipokumbuka, urudi. "Asante, afande." Sauti kavu kabisa, ya mtu asiyenijua.

Mama Aneth! Hakuna aliyewahi kuniita hivyo, hata mama yangu mzazi. Nimejiita mwenyewe mbele ya kioo mara mbili, kama chizi.

Ijumaa, 13 Juni

Nimempa Afande Marwa taarifa ya ile ndoa. Nimesema nimedokezwa na mtu. Hakuuliza nani, akanyoosha kidole kifuani kwangu: imo humo? Nikasema haimo. Akaguna. Kadi imeondoka kwenda wilayani saa tisa.

Jumamosi, 14 Juni

Tumewakuta ng'ombe kabla hawajaingia uani. Mimi, Donatus na mtendaji wa kata. Makelele! Vijana wa upande wa bwana harusi wametuzunguka. Donatus akainua kirungu juu ya kichwa cha mmoja, akakumbuka kamera yangu, akakishusha. Kijana yule hatajua kamwe ni nini kilichomwokoa. Mimi nimekiona, na nikaishukuru ile taa.

Vumilia alitoka amefunikwa vitenge vitatu. Ndani alikuwa amevaa sketi ya shule. Atakaa kwa matroni wa shule mpaka kesi isikilizwe.

Nkwabi ni mtu mrefu, anaongea taratibu. Hakutukana. Aliuliza tu, mara tatu, ni nani aliyekwenda kwetu. Aliyetukana ni Limi. Alilia kuliko wote, akajitupa chini, akaniita mchawi wa watoto wa watu, akatema mate karibu na buti langu. Kila mtu akamwamini. Nilijua ni mchezo, na bado iliniuma. Njia nzima ya kurudi Donatus hakuniongelesha.

Jumatano, 18 Juni

Donatus kaniletea habari akiwa amesimama mlangoni, nusu ndani nusu nje. Sungusungu wa kule wamekaa mkutano. Wameapa kwamba atakayejulikana amepeleka neno anatengwa. Aliyesimama wa kwanza kuapa ni Nkwabi. Mkewe naye akaapa nyuma yake.

Jumatatu, 23 Juni

Nkwabi amelalamika wilayani. Anasema nimehongwa na ukoo alio na ugomvi nao. Ametaka waangalie picha, na ni haki yake — mimi mwenyewe nilimwambia mkewe hivyo!

Wameangalia. Wiki nzima iko sawa, sekunde kwa sekunde. Isipokuwa Alhamisi. Raia kaingia, taa imezimwa, dakika kumi na moja hakuna kitu, taa imewaka. Afande Marwa karudia maneno aliyoambiwa kwenye simu: rushwa hupitia kwenye matundu kama hayo. Ningekuwa mkubwa ningesema hivyohivyo. Kama angekuwa Donatus kazima, mimi ningekuwa wa kwanza kumshuku.

Donatus haulizwi kitu. Kamera yake ilishaoga, haina hata dakika moja, kwa hiyo haina tundu. Nimecheka peke yangu ofisini hadi machozi yakatoka, kisha yakaendelea kutoka.

Alhamisi, 26 Juni

Natakiwa kutoa maelezo ya maandishi. Nakala inakwenda kwa mlalamikaji.

Nimeandika mara nne. Ya kwanza: betri iliisha. Nikachana, kamera inajiandikia yenyewe ina chaji kiasi gani. Ya pili: nilibonyeza kwa bahati mbaya. Nikachana pia, maana hiyo ni bahati mbaya ya dakika kumi na moja. Ya tatu, ukweli wote. Niliisoma mara moja, nikaichoma kwenye jiko la mkaa. Ya nne ndiyo nimeipeleka: "Nilizima mwenyewe, kwa kujua. Sababu sitaisema. Sikupokea kitu."

Afande Marwa kauliza kama huu ni ujasiri au ujinga. Nikasema sijui, afande. Sijui kweli. Nikiulizwa leo kama askari tuvae kamera, bado nasema tuvae, wote, na ya Donatus inunuliwe mpya. Kirungu nilikiona kikishuka. Lakini mtu kama Limi akaongelee wapi? Nimelifikiria hili hadi kichwa kinauma, na hakuna hata mmoja wa kubishana naye.

Jumapili, 29 Juni

Sijapiga simu Katoro. Nikipiga nitalia, na Aneth atamuuliza mama dada ana nini. Nimefua. Nimepiga pasi sare mara mbili. Tangu jana asubuhi sijasikia sauti yangu.

Jumatano, 2 Julai

Naandika nikiwa kwenye benchi, korido ya ofisi ya wilaya. Nimeitwa saa tatu. Ndani wako wakubwa watatu, na kamera juu ya kitabu kikubwa mezani, inatazama huku mlangoni. Taa inawaka. Kila kinachosemwa kinaingia humo. Mlango wameuacha wazi kwa sababu ya joto. Afande Marwa kakaa mwisho wa benchi, nafasi ya watu watatu kati yetu.

Nkwabi kafika. Limi yuko nyuma yake, kitenge kilekile. Nikashtuka. Kumbe ndiye shahidi! Rejista ina jina lake: simu iliyopotea, saa nne. Nkwabi anamweleza kila anayepita kwamba mke wake alikuwepo siku hiyo, alimwona huyu binti akizima, na aliombwa kitu. Anaeleza kwa fahari. Hajui chochote, maskini.

Basi ni hivi. Limi akisema nilimwomba kitu, mimi kazi sina na yeye yuko salama. Akisema ukweli, atakuja kuzika watu wake peke yake na jembe. Nimeomba aseme nilimwomba. Nimeomba kweli, kimoyomoyo, mikono imeshikana. Nilitamani nimwambie hata kwa macho, lakini hakuniangalia.

Wamemwita. "Limi, mke wa Nkwabi!" Ili aingie lazima apite mbele yangu. Nikavuta miguu. Akafika, akasimama. Akapiga goti kama siku ile, pale pale mbele ya mlango ulio wazi.

"Mwangaluka, Mama Aneth."

Sijui kama ulimi umemteleza au amekusudia. Ameinuka, ameingia. Namsikia. Sauti yake haitetemeki, anaanzia siku ya mnada, anasema simu haikupotea. Nkwabi amesimama katikati ya korido, mdomo wazi, anamsikiliza mkewe. Hajanitazama bado.

Afande Marwa ameinuka. Buti zake ziko mbele yangu, naziona kwa juu ya hili daftari. Anauliza kwa mara ya pili Aneth ni nani. Naandika ili nisiinue uso. Ningeweza kusema mama wa watu amenifananisha. Ningeweza, kama ningekaa kimya pale alipopiga goti. Lakini mwezi mzima hakuna aliyenisalimu. Nilimwitikia. Nilisema mwangaluka, mayu, kwa sauti yangu yote, na taa ilikuwa inawaka.