Mlenda wa Baba

Mama yangu,

Shikamoo. Natumaini kifua cha Bibi kimepoa na mahindi yetu ya Endamarariek yamepata mvua. Sisi huku Moshi kwa Shangazi tuko salama. Baba amesema nianze na neno hilo kabla hujasoma mengine.

Mfuko wa mlenda mkavu uliotuma kwa basi ulifika. Baba aliufungua mwenyewe, akaunusa, akamkabidhi Shangazi. Naye akaupika ulivyoagiza, bila chembe ya chumvi, maana sote tulijua adui wa figo za Baba ni chumvi. Kila siku Baba alifuta bakuli kwa tonge la mwisho, akisema amefika kwao Singida bila nauli.

Ijumaa, akitoka kuoga, miguu ilimlegea, na moyo ukawa unapiga kwa kusitasita. Tukamkimbiza hospitali. Wakampima damu, wakamtundikia dawa, kisha wakamuunganisha na mashine ya kusafisha damu, ingawa haikuwa siku yake. Mama, tulikaribia kumpoteza. Jioni akaomba redio.

Unanijua, kuuliza mbele ya watu hunishinda. Lakini muuguzi aliniona nimekumbatia kitabu cha baiolojia, akaniita, "Njoo, msomi." Akanieleza kwamba mboga za majani zina madini ya potasiamu. Figo zetu huyatoa kwenye mkojo. Za Baba haziwezi, hivyo yanabaki kwenye damu na kuuvuruga moyo. Majani yakikaushwa, kiganja kimoja hubeba fungu zima. Mboga mbichi tuikatekate, tuichemshe kwa maji mengi, tuyamwage, naye ale kidogo tu. Najua kwako kumwaga maji ya mboga ni uharibifu. Na mlenda ukimwaga maji yake, unabaki na nini?

Tuliporudi nyumbani, Shangazi alitaka kuutupa mfuko. Baba akakataa. Ameufunga upya na kuuweka karibu na mto wake.

Usijilaumu. Nawashukuru wauguzi, na nakushukuru wewe, maana tangu tuje huku sikuwa nimemsikia Baba akicheka wakati wa kula. Msalimie Bibi, na mjomba anayetulimia shamba mwambie nasoma kwa sababu yake.

Nimemsomea Baba barua hii. Amesikiliza yote, akasema, "Mwambie mama yako asiache kutuma mfuko. Atie unga wa sembe. Ugali wake haujazuiwa."

Leo, Baba alipokwenda kwenye mashine, nimemuuliza muuguzi, mbele ya watu wote. Amesema sembe inafaa.

Mwanao anayekukumbuka,
Neema