Mke Wangu Anaisikia Kahawa, Mimi Siisikii

Mpendwa Maman Eulalie,

Naomba ushauri wako wa gazetini haraka, maana zimebaki wiki mbili tu na nyumba yangu haina amani. Mimi ni mkulima wa hapa kijijini Miti, nina miti mia tatu ya kahawa niliyoachiwa na marehemu baba, na kwetu unajua mambo yalivyo, maharage ni ya mwanamke na kahawa ni ya mwanaume, mwanamke huchuma na kuchota maji lakini anayeamua ni mwanaume, na hivyo ndivyo nilivyoishi na mke wangu Euphrasie miaka kumi na moja bila neno, mpaka mwaka jana malaria iliponilaza mwezi mzima wakati wa mavuno, yeye akaifanya kahawa yangu peke yake toka mwanzo hadi mwisho.

Aliyatia majini matunda mekundu akaondoa yaliyoelea, akayamenya kwa mashine ya mkono, akaziacha punje kwenye kasha la mbao zichachuke ili ute ulegee, na hapo ndipo aliponishangaza, maana mimi huhesabu, usiku mmoja na mchana mmoja, basi, naosha, lakini yeye aliingiza mkono, akazisugua punje karibu na sikio, akasema, "Bado. Sikia, haiyalia." Mimi niko kwenye mkeka uani nimejifunika blanketi, nikasikiliza nisisikie kitu. Baadaye akasema, "Sasa inalia," na kweli zilikuwa zinakwaruzana kama changarawe, akaziosha, akazianika juu ya matete.

Basi akaja mnunuzi kutoka Bukavu, Papa Cyprien, ambaye hukaanga kahawa mwenyewe kwake Nyalukemba na hanunui kabla ya kutwanga kidogo, kukaanga konzi moja hapo hapo uani na kuinywa bila sukari. Akanywa, akaomba tena, kisha akaniambia mbele ya wanaume wote, "Papa, mwaka kesho ugonjwe tena, tupate kahawa." Watu walicheka, Maman Eulalie, na mke wangu naye akacheka, amefunika mdomo kwa kitenge, na tangu siku ile nikienda kunywa kasiksi, pombe yetu ya ndizi, naitwa Papa Mugonjwa.

Wivu ukanila. Papa Cyprien akifika anauliza kwanza, "Maman iko?" Nikamwuliza mke wangu, "Juu ya nini huyu mutu anakutafuta weye?" Akanijibu, "Anatafuta kahawa, papa. Weye unatafuta nini?"

Sasa nikiri. Msimu huu, Jumamosi moja, citoyens na citoyennes wote, wanaume kwa wanawake, tukiwa kwenye salongo, kazi ya pamoja ya kijiji, tunafukia mashimo ya barabara ya Kavumu, nilidanganya kuwa jembe langu limevunjika mpini, nikarudi nyumbani peke yangu. Kahawa yake kwenye kasha, maana sasa Papa Cyprien alitaka mkono wake tu, ilikuwa karibu tayari. Nikatoa debe moja la punje nikazizika migombani, nikamenya matunda yaliyochumwa asubuhi ile, nikamwaga punje zake mahali pake, nikakoroga. Kila mkulima anajua kahawa ya siku mbili tofauti haikai kasha moja. Aliporudi akazisugua, akasema bado, akangoja mpya zilegee, na alipokuwa anangoja, za zamani zikaoza.

Papa Cyprien alionja, akatema. "Maman, hii inanuka. Ulilala?" Euphrasie alinusa viganja vyake. Mama yangu akasema kahawa imemkataa mwanamke. Tangu hapo hagusi kasha, anasema, "Mikono yangu ilinidanganya," na hata maharage jikoni anamwuliza binti yetu kama yameiva. Nami nimejaribu mwenyewe, haikufaa. Sasa Papa Cyprien ametuma habari kuwa atakuja baada ya wiki mbili kwa mavuno ya mwisho, ila kama si mkono wa maman hatapoteza essence ya gari lake.

Nimrudisheje kwenye kasha bila kumwambia nilichofanya? Na je, si haki yangu kumkataza mwanaume yule asimsalimu?

Papa Mugonjwa, Miti

*

Papa Mugonjwa,

Jina lako nimelificha na la mke wako nimelibadilisha, lakini hasira yangu siifichi. Barua yako nilianza kuisoma nikiwa na kikombe cha kahawa mkononi, na nilipofika kwenye salongo nilikiweka chini.

Tuanze na Papa Cyprien, maana umemtundika mbele yangu kama pazia. Alifanya nini mtu huyu? Alikunywa kahawa nzuri akasema nzuri, akanywa mbaya akaitema. Angekuwa anamtaka mke wako, hiyo ya pili angeimeza na kuisifu. Kwa hiyo acha kumsingizia. Unamwonea wivu mke wako, sikio lake na mikono yake, kwa sababu ulizoea kuiona ikibeba ndoo.

Nakuhurumia kidogo. Kuchekwa mbele ya wenzako kunauma, na mtu aliyetoka kwenye malaria haombewi augue tena. Lakini aliyekutania ni mwanaume mwenye mdomo wake, ungemjibu pale pale. Wewe ukaenda kumlipizia aliyekuuguza!

Na uone ulichoharibu. Mikono yake haikumdanganya. Ilimwambia bado, na kweli ilikuwa bado, maana ulimwekea mpya. Alikuwa sahihi hata siku ile, na anayejua hivyo ni wewe tu. Halafu unaniuliza namna ya kunyamaza. Mimi nilizaliwa huko Walungu, mama yangu alimenya kahawa ya baba maisha yake yote akafa hajaonja kikombe kimoja, basi usinitegemee niwe mpole.

Leo, kabla hujagusa kasiksi, mpeleke migombani. Fukua zile punje ulizozika, mwambie ulizitoa lini na uliweka nini mahali pake. Akilia, nyamaza. Akikutukana, nyamaza zaidi. Akienda kwao, usitume mtu, nenda mwenyewe na mbuzi, na uwaambie wakwe zako maneno yale yale bila kuyapunguza. Kisha kwenye salongo, mbele ya waliocheka na mbele ya mama yako, sema kosa ni lako. Watakupa jina baya kuliko hilo la Mugonjwa. Libebe, yeye amekubebea aibu yako msimu mzima.

Papa Cyprien naye aambiwe, anunue asinunue. Na Euphrasie akikataa kurudi kwenye kasha, ni haki yake, utabaki na kahawa yako ya kuhesabu.

Akikubali, maji chota wewe. Simama karibu naye, funga mdomo, sikiliza. Akisema bado, ngoja hata kama wewe husikii kitu. Akisema inalia, mimina maji.

Maman Eulalie