Bahasha Niliyokufungulia

Baba Koku,

Huko uliko hakuna magugu. Mimi nimechoka. Kibanja chote sasa ni mimi na jembe langu, na kahawa imeiva yote kwa mkupuo kama inanikomoa. Lakini sikuandikii kulalamika. Nina la kuungama.

Koku wetu, daktari wa mifugo (niache niandike tena, daktari wa mifugo), amerudi kutoka Uganda. Miaka minne ametibu ng'ombe wa watu kule. Sasa anataka mtihani wa leseni ili atibu wa kwetu. Wakubwa wa huku wakataka kwanza barua ya baraza la madaktari wa mifugo la kule, iseme kazi yake ni safi, hana kesi wala doa. Nayo ije kwenye bahasha yenye muhuri, waifungue wao tu. Hata mwenyewe asiisome.

Hilo la muhuri mimi sikulijua. Alikuja nayo, akaiweka mezani, akaitwa kijiji cha Kituntu kumzalisha ng'ombe aliyekwama. Nikaitazama ile bahasha. Nikakumbuka neno lako la mwisho kitandani, "Wakimsifu mwanangu kwa maandishi, mnisomee." Nikaipasua kwa kisu cha kumenyea ndizi, nikaja nayo kaburini kwako. Kiingereza changu unakijua, cha darasa la saba, kwa hiyo nikamwita mwinjilisti akusomee. Ulisikia? Hajawahi kulaumiwa hata mara moja. Sikufichi, nikaipitisha kwenye kwaya pia. Yule mwanakwaya aliyesema msichana wa kushika mikia ya ng'ombe hana maana, siku hiyo alijifanya anatafuta ukurasa wa wimbo.

Koku aliporudi, mikono bado inanuka zizi, aliiona. "Mama, umeifungua." Akaketi. Akanieleza habari ya muhuri, na kwamba maombi yanafungwa Ijumaa ya wiki inayofuata. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Akauliza kwa sauti ndogo, "Imesemaje?"

Baba Koku, kwaya nzima ilikuwa inajua. Wewe ulikuwa unajua. Mwenye sifa ndiye wa mwisho kusikia.

Alfajiri akapanda gari la Murongo, akavuka mpaka tena kwenda kuomba nyingine. Siku tano sikumeza chakula vizuri. Jumatatu jioni akaingia, vumbi mpaka kwenye kope, akanipa bahasha mpya mkononi. "Mama, nishikie, nikaoge."

Niliishika kwa mikono miwili kama sakramenti. Sikuketi. Nzi akanitua puani, nikamwacha. Na mwanao siku hiyo alioga kwa muda mrefu sana, nadhani makusudi.

Leo amepiga simu kutoka Dodoma. Wameipokea nzima, mtihani atafanya.

Ile niliyoipasua ni yako, nimeiweka ndani ya Biblia yako. Leseni ikitoka nitakuletea, ila safari hii nitauliza kwanza kama inafunguliwa.

Lala, mume wangu. Kahawa inaniita.

Mama Koku wako,
Ihembe